Mvumo Nyuma ya Pijo

Khayega, Kakamega
20 Februari 1994

Ndugu yangu Erastus,

Sisi huku tunapumua, na wewe uko na joto lako la Mombasa, basi Mungu ashukuriwe kwa kila mtu pale alipo. Mitchel ameingia darasa la tano na ameanza kunijibu kama wakili. Yule ng'ombe mweupe amezaa, tena jike. Mama kule Likuyani anakusalimu. Anasema zile suruali mbili ulizosahau Krismasi amezifua, na moja ameshaigawa. Usiulize kwa nani.

Sasa habari yenyewe: Pijo, gari letu, bado inavuma.

Tarehe ishirini na saba Desemba ulifungua gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, ukatia beringi mpya, ukapangusa mikono ukasema, "Hapa nimemaliza." Bwana fundi, hujamaliza. Tukifika kilomita arobaini kwa saa inaanza vuuu, na ikifika sitini ni kama posho mili ya kusaga mahindi imefungwa chini ya kiti. Baba Mitchel anaongeza sauti ya redio. Hiyo ndiyo dawa aliyoipata.

Unijibu kupitia sanduku la shule ninakofundisha, si la ofisi yake ya ushirika. Tangu umfokee mbele ya wageni siku ya Krismasi kwa kuingia jikoni mwa mama, jina lako halitajwi mezani kwetu. Sisemi ulikosea. Mkwe haingii jikoni mwa mama mkwe wake, hata Mitchel anajua. Lakini rejeta ya gari ilikuwa inachemka, Era, na mume wangu alikuwa ameshika kopo tu, anatafuta maji.

Nikwambie kinachoninyima raha. Macho ya mama yamezidi. La kulia limefunga kabisa, la kushoto linaona vivuli. Daktari wa macho Kisumu amempa siku ya kupasuliwa: Jumanne, 17 Mei. Akiikosa atangoja mpaka mwakani, na hilo jicho la kushoto halitamngoja. Kutoka Likuyani hadi Kisumu gari tulilo nalo ni hili. Wewe uliye fundi niambie: litatufikisha?

Dada yako,
Muhonja


Mombasa
9 Machi 1994

Dada Muhonja,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mke wangu Awinja acheke. Yeye hajambo, mtoto anaota meno na hatulali. Gereji kuna kazi nyingi, magari ya bandarini yanaoza kwa chumvi. Mwambie mama ile suruali aliyoigawa ndiyo niliyoipenda.

Kuhusu Pijo. Mvumo wa nyuma hutoka kwa wawili, beringi au tairi. Tuanze na beringi. Shemeji aendeshe hamsini kwenye kona ndefu ya kulia, kisha ya kushoto, nawe ukae nyuma usikilize. Uzito wa gari ukilalia upande wenye beringi mbovu, mvumo unapanda. Ukiutoka upande huo, unashuka. Halafu gari likiwa kwenye jeki, shikeni gurudumu juu na chini mlitikise. Lisicheze hata kidogo.

Nimesema hamsini. Msipite hamsini.

Na mama mtafutieni njia nyingine ya kufika Kisumu. Usiniulize sababu. Ni tahadhari tu.

Ndugu yako,
Erastus


Khayega
27 Machi 1994

Era,

Mvua imeanza, na mahindi ya mama yamepandwa kabla ya Pasaka kama alivyotaka. Mitchel alikuwa na malaria, sasa amepona na kelele zake zimerudi.

Kipimo chako kimenifanya mwizi ndani ya gari la mume wangu. Hajui ninakuandikia, kwa hiyo sikuweza kumwambia, "Piga kona nikusikilize gurudumu." Nilingoja tukitoka kanisani, nikakaa nyuma, nikalaza sikio kwenye kiti. Akaniuliza, "Mama Mitchel, una nini?" Nikasema tumbo. Basi akasimamisha gari, akaninunulia soda, akaendesha ishirini mpaka nyumbani. Soda ilikuwa tamu lakini kipimo kikaharibika.

Siku ya pili nilifaulu. Kona ya kulia, vuuu. Kona ya kushoto, vuuu ile ile. Au masikio yangu ndiyo mabovu. Hili la kushoto halijakaa sawa tangu ulitie punje ya mahindi tukiwa watoto, na hujawahi kuomba msamaha. Gurudumu tumelitikisa kwenye jeki, halichezi.

Sasa kuhusu "njia nyingine". Ipi? Unataka mama asiyeona apande na kushuka magari matatu, akisukumwa na makanga? Nilidhani kazi kubwa itakuwa kumshawishi apande gari la mkwe wake. Miaka kumi na minne hawajawahi kukaa pamoja hata chini ya paa moja la kanisa. Nilimwendea na maneno mengi nimeyapanga. Akanikatiza: "Mimi simwoni, na yeye atakuwa anatazama barabara. Aibu iko wapi?" Nilicheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli, kwa sababu alisema simwoni kama mtu anayesema leo hakuna sukari.

Kwa hiyo atapanda. Nawe, Era, kuna kitu unanificha. Hamsini, hamsini, hamsini. Umeandika mara tatu katika barua moja. Nakujua tangu ukiwa na kamasi. Sema.

Muhonja


Mombasa
14 Aprili 1994

Dada,

Nafurahi Mitchel amepona. Huku mvua inanyesha mpaka ndani ya gereji. Mtoto ana meno mawili na ameshamng'ata baba mkwe wangu.

Punje ya mahindi ulijitia mwenyewe. Mimi nilikuonyesha tu jinsi ya kufanya.

Kama mvumo haubadiliki kwenye kona, basi huenda si beringi, ni tairi. Fanyeni hivi. Sikilizeni mkitoka barabara ya udongo mkiingia lami. Chuma kibovu kinavuma popote, hakijui kama kiko juu ya udongo au lami. Raba inajua. Ukiona mvumo umenyamaza kwenye udongo na kurudi kwenye lami, mtazame tairi. Kisha tairi likiwa kavu na safi, lipapase kwa kiganja, kwenda na kurudi. Likiwa laini ukienda na linakwaruza ukirudi, limelika vibaya. Kipimo cha mwisho ni kuhamisha magurudumu, ya nyuma yaje mbele. Mvumo ukihamia mbele, mmemkamata.

Sifichi kitu. Fundi ni mtu wa tahadhari. Lakini mama asipande kabla sijajua matokeo. Uniandikie haraka.

Erastus


Mombasa
8 Mei 1994

Dada Muhonja,

Sijapata jibu lako na siku zimekwisha, kwa hiyo sisalimii sana. Sisi wazima.

Nilikudanganya. Nilikuwa naficha.

Beringi niliyotia Desemba ilikuwa mpya, hilo ni kweli. Lakini nyuma ya beringi kuna pete ya chuma inayoibana kwenye eksel, chuma kinachobeba gurudumu, isitoke. Ukiivunja ya zamani unatia mpya, ndiyo sheria, kila mwanafunzi wa gereji anaijua. Duka la vipuri mjini Kakamega lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Ningengoja siku moja tu. Lakini nilikuwa nimemkasirikia shemeji Shikanga, nilitaka basi la jioni ile ile, sikutaka kulala usiku mwingine karibu naye. Kwa hiyo nikaitoa pete ya zamani polepole, nikairudisha ile ile kwa nyundo. Nikapangusa mikono nikasema nimemaliza.

Pete ikitolewa mara moja haishiki tena kama mwanzo. Ikiachia, gurudumu linachomoka pamoja na eksel yake, gari likiwa mbioni.

Alhamisi wameleta gereji Pijo kama yenu, imeburutwa kutoka Mariakani. Gurudumu la nyuma lilichomoka. Nimeifungua mimi. Pete ilikuwa imerudishwa kwa nyundo. Dereva alipona, lakini mama aliyekaa nyuma hakupona.

Dada, sijala tangu siku hiyo. Kesho posta ikifunguliwa napiga telegramu kwa ofisi ya shemeji, kwa sababu ndiko itakakofika haraka. Mwambie kila kitu. Mwambie ni mimi. Afadhali mama akose daktari kuliko nimzike kwa uvivu wangu.

Erastus


Khayega
22 Mei 1994

Era, ndugu yangu,

Kaa chini kwanza. Mama ni mzima. Sisi sote ni wazima. Mama anaona. Soma tena mstari huo, kisha uende ukale.

Sasa nikuanzie mwanzo. Barua yako ya Aprili ilinifikia Mei tayari imeanza, nikaona nikijibu jibu litakukuta baada ya safari. Nikasema nitakifanya kipimo cha udongo na lami siku yenyewe ya safari. Telegramu yako sikuiona. Ilifika ofisini kwa Baba Mitchel Jumatano, naye akaitia mfukoni, akaja nyumbani, akala ugali wake kimya. Nitakuja kwenye hilo.

Jumatatu asubuhi tukafika Likuyani. Mama alikuwa tayari amevaa nguo za kanisani, leso mbili kichwani, moja ameishusha mpaka kidevuni. Akataka kiti cha nyuma kabisa, kile cha mizigo ya mahindi. Mimi nikakaa katikati kama ukuta. Baba Mitchel hakugeuza shingo hata mara moja. Tulipoondoka nikasema wazi, "Mama, kuna mvumo nyuma. Erastus anataka kujua kama unabadilika barabara ikibadilika." Jina lako likaanguka ndani ya gari, Baba Mitchel akakohoa, lakini akazima redio mwenyewe.

Era, mtu asiyeona ana masikio! Tukaenda barabara ya udongo, mama kimya. Tukapanda lami, akanigusa bega.

"Mwambie dereva, kitu chake kimeanza kulia sasa hivi."

Dereva alikuwa hatua mbili kutoka kwake. "Baba Mitchel, mama anasema kitu chako kimeanza kulia."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Mwambie kinalia pande zote mbili, si upande mmoja."

Karibu na Buyangu walikuwa wanatengeneza barabara, tukateremshwa kwenye udongo kama kilomita mbili. Mama akasema, "Mwambie kimenyamaza." Tukarudi kwenye lami, akasema, "Mwambie kimerudi." Halafu akaongeza kwamba sauti hiyo si ya chuma, chuma kinalia kama kinaumwa, hii ni kama mtu anayepukuchua mahindi haraka haraka. Nikapitisha yote. Baba Mitchel akawa anatabasamu, nilimwona kwenye kioo. Kisha nikasikia mama akisema, moja kwa moja, bila kunipitia mimi, "Baba, unaendesha vizuri." Nilitazama dirishani kwa muda mrefu ili wasinione.

Kule Kisumu, mama alipolazwa, tuliosha tairi za nyuma kwenye uwanja wa hospitali nikazipapasa. Kwenda, laini. Kurudi, meno matupu, kama gunzi lililopukuchuliwa. Zote mbili. Nikamwambia Baba Mitchel hicho ndicho ulichoandika, na kwamba nimekuwa nikikuandikia tangu Februari. Akasema, "Najua. Tumbo gani linauma kwenye kona tu?"

Jumatano walitoa bandeji ya jicho la kushoto. Mama akanitazama mimi, akatazama mikono yake, akaomba chai. Ijumaa tukamrudisha nyumbani. Leso ilikuwa imeshushwa tena mpaka kidevuni, kwa sababu sasa anaona na aibu imerudi. Lakini nilimwona akiinua pembe moja, akachungulia kioo cha dereva. Akaniambia kwa sauti ambayo hata nje ilisikika, "Mwambie kumbe amezeeka, maskini. Nilimwacha kijana."

Sasa sikia. Jana Jumamosi Protus, karani wetu wa shule, akanipa barua yako ya tarehe nane. Niliisoma nimesimama. Sikuweza kuimaliza nimesimama. Safari nzima ikanirudia, kila mteremko, mama ameketi juu ya gurudumu lile lile. Nilikukasirikia, Era, sitakuficha. Nilikutukana pale kwenye ngazi za ofisi mpaka Protus akafunga dirisha.

Nikaenda nyumbani nikamsomea Baba Mitchel neno kwa neno, kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Pete, Era. Pete yako, ina ufa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kumbe Januari, wiki mbili baada ya wewe kuondoka, aliona mafuta yamelowesha rimu ya kushoto kwa ndani. Akapeleka gari kwa Wanyama, yule fundi wa mjini. Wanyama akafungua, akamwonyesha pete na alama za nyundo. Siku hiyo hiyo wakatia mpya. Mama amesafiri Kisumu na kurudi juu ya pete mpya kabisa.

Nikamuuliza kwa nini miezi yote hii hakusema. Unajua alichojibu? "Ningekwambia ungemwandikia. Angeaibika. Mimi niliaibishwa mbele ya watu Krismasi, najua ilivyo."

Ndipo akatoa telegramu yako kwenye mfuko wa koti. MAMA ASIPANDE GARI LA SHIKANGA. BARUA YAJA. Yeye alidhani ni ile ile ya Krismasi, kwamba unamkumbusha tena kuwa hafai kumkaribia mama mkwe wake. Akasema, "Nikaona nitambeba hata hivyo, ila nitambeba polepole." Na kweli hatukupita hamsini, kwenda na kurudi.

Kisha akachukua pete akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaitupa chooni. Aliporudi ameosha mikono akasema, "Sasa hakuna aliyeiona."

Mvumo? Jana alasiri walihamisha magurudumu na Wanyama, mvumo ukahamia mbele kama ulivyosema. Tairi za nyuma hazijawahi kuhamishwa tangu zinunuliwe, na shokamzoba za nyuma zimekufa kwa magunia ya mama, kwa hiyo raba imekuwa ikirukaruka na kulika meno. Wametia tairi mbili nzima na shokamzoba. Leo tumekwenda kanisani kimya kabisa. Tumegundua redio nayo inakwaruza, hatukuwahi kujua.

Nimekusamehe kufikia mstari huu. Nilipoanza barua nilikuwa bado.

Dada yako,
Muhonja


Mombasa
5 Juni 1994

Dada yangu,

Nilifungua barua yako palepale posta. Mstari wa tatu ulinitosha. Nilikaa kwenye benchi nikalia mbele ya watu, mzee mmoja akanipa pole ya msiba, nikamwambia hapana mzee, mama yangu anaona. Nimekula sahani mbili za wali. Awinja anasema nililala siku hiyo kama gunia, hata meno ya mtoto hayakuniamsha.

Nimemwambia mkuu wa gereji ukweli wote. Sasa kila fundi hapa akishika nyundo karibu na pete, mimi ndiye ninayepiga kelele.

Punje ya mahindi nilikutia mimi. Nisamehe.

Nimejaribu kumwandikia shemeji mara tatu, nikachana mara tatu. Kila nikianza kusema asante naona kile choo chenu, na mtu mzima anarudi ameosha mikono. Sijui neno la kumwambia mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo umpelekee wewe, kama ulivyompelekea maneno ya mama.

Mwambie dereva nitakuja Desemba, mapema, kabla ya wageni. Mwambie akifika Likuyani rejeta ikiwa inachemka, abaki kwenye kiti chake, asishike kopo. Nitaingia jikoni mwa mama mimi, nichote maji, nimletee mpaka dirishani, wageni wote wakiwa wanatazama.

Ndugu yako,
Erastus